Uzi maalumu kwa wamiliki wa bastola: ikigoma kosa unalikuta wapi, na mkononi inakaaje?

Kasiba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nyuzi za bastola zina ugonjwa mmoja. Huyu Glock, yule 1911, kufika ukurasa wa pili watu wanatukanana na hakuna aliyeondoka na kitu. Huu naomba uwe wa watu wanaomiliki kihalali na wanaopiga mara kwa mara kwenye uwanja wa shabaha. Leta ulichokiona mwenyewe: ilikwama vipi, ulipoifungua ulikuta nini, na mkononi inakutii au inakusumbua. Sharti ni moja. Ukisimulia ubovu wa bastola yako, kampuni usiitaje, taja aina ya mfumo tu. Historia inayojulikana na kila mtu, taja majina utakavyo.

Naanza. Yangu ni ya milimita 9, fremu ya plastiki, haina nyundo ya nje. Ilikuwa inafanya kazi vizuri tu, ghafla ikaanza mchezo: ganda linatoka salama, risasi mpya inapanda nusu, pua inagonga chini ya mlango wa chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa), slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, inaganda katikati. Pale uwanjani kila mtu alikuwa na tiba yake. Mafuta kidogo. Mafuta mengi. Springi imekufa. Risasi za bei chee hizo.

Nikachukua kalamu ya wino usiofutika, nikaandika namba kwenye kitako cha kila magazini. Kila ikikwama naandika mambo mawili: magazini namba ngapi, na risasi ilikuwa ya ngapi kutoka juu. Mwisho wa zoezi mikwamo yote ilikuwa imelala kwenye magazini moja, na karibu yote risasi mbili tatu za juu. Nikaiweka sambamba na mwenzake nikazitazama kwa juu: mdomo wa upande wa kushoto umepanuka kidogo. Ukiishika peke yake huoni kitu. Kuna siku ilianguka kwenye saruji ikiwa imejaa, na nadhani ndipo ilipoumia.

Magazini ndiyo inayoamua risasi ipande kwa pembe gani na kwa kasi gani, halafu ndiyo inayoangushwa, kukanyagwa na kujazwa vumbi. Wanaokumbuka vita vya Iraki wanajua malalamiko ya askari wa Marekani kuhusu bastola yao, Beretta M9. Bunduki ilitukanwa sana, kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa magazini za mkandarasi zilizopakwa fosfati nzito ndani. Vumbi laini likiingia, risasi hazitelezi tena kupanda. Bastola ileile na magazini laini ndani ilikuwa inapiga.

Kwa hiyo kwangu mimi, kabla hujabadilisha springi, kabla hujampelekea fundi, weka namba kwenye magazini. Nasikiliza wengine.

---

MzeeWaGrisi

Mleta uzi umeanza vizuri. Niongeze kwamba watu wengi wanasema "imejamu" kama vile kukwama ni kwa aina moja. Tazama kabla hujaigusa, ukishaivuta slaidi umefuta ushahidi.

Risasi imekwama ikiingia, pua iko chini au juu: magazini, au umbo la kichwa cha risasi. Ganda limebanwa mlangoni limesimama wima: mara nyingi slaidi haikurudi nyuma vya kutosha. Hapo shuku risasi dhaifu, uchafu, au mkono wa mpigaji. Ganda limebaki ndani ya chemba na risasi mpya inalisukuma kwa nyuma: ile ndoano ndogo inayovuta ganda haikushika, angalia kama imelika au kama kuna masizi yaliyoganda chini yake. Umevuta triga ikalia "tik" na fataki (kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) ina alama hafifu: pini haikupiga kwa nguvu.

Hilo la mwisho nimelikuta sana kwa wapenda mafuta. Mtu anaimwagia bastola mafuta mpaka yanachuruzika kwenye mpini, yanaingia kwenye njia ya pini, yanachanganyika na masizi na chembe za shaba, yanakuwa uji. Pini inatembea ndani ya uji. Njia ya pini inatakiwa iwe kavu. Mafuta weka pale chuma kinaposuguana na chuma: reli za slaidi, kichwa cha mtutu kinapotokea mbele, na pale mtutu unapojifungia kwenye slaidi. Utajua pa kuweka ukitazama palipong'aa.

---

DadaShabaha

Shikamoo mzee. Umegusa "mkono wa mpigaji" ukapita, ngoja nikae hapo hapo kwa sababu ndipo wanawake na watu wa mikono midogo tunaposingiziwa na kusingizia.

Bastola nyingi za milimita 9 mtutu na slaidi hurudi nyuma vikiwa vimefungana, kisha mtutu unainama na kuachana na slaidi. Ni wazo la John Browning, yule mbunifu wa silaha wa Marekani, na 1911, Hi-Power, Glock, zote ni wajukuu wa wazo hilo. Mfumo huo unahitaji fremu ibaki mahali pake ili slaidi irudi yote. Kifundo cha mkono kikilegea, fremu inakwenda nyuma pamoja na slaidi, na slaidi haifiki mwisho. Matokeo ni lile ganda lililosimama mlangoni. Mpe mtu mwingine bastola hiyohiyo, inapiga bila shida, na mwenyewe anabaki akiamini ana gundu.

Kwa bastola ndogo za mfukoni hali ni ngumu zaidi. Slaidi ni nyepesi, ina safari fupi, springi ni kali. Kila kitu kinatokea haraka na hakuna nafasi ya kusamehe. Ndiyo maana naona watu wanakosea wanapomnunulia mke bastola ndogo kuliko zote eti kwa sababu mkono wake ni mdogo. Ndogo ndiyo inayopiga teke zaidi, ndiyo ngumu kukoki, na mpini wake kidole cha mwisho hakina pa kushika. Mpe ya ukubwa wa kati yenye mpini mwembamba.

Kuhusu kukoki: acheni kuvuta slaidi kwa ncha za vidole viwili kama mnachomoa mwiba. Weka bastola karibu na kifua, mtutu ukitazama mbele kwenye shabaha, finika slaidi kwa kiganja chote, kisha sukuma fremu mbele kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukibaki. Nguvu inatoka mabegani. Na kama bastola yako ina nyundo ya nje, iinue nyundo kwanza. Slaidi inakuwa nyepesi papo hapo kwa sababu haina kazi ya kuikandamiza nyundo.

---

Njiwa_Mkaidi

Dada umenisaidia kitu ambacho wanaume uwanjani walikuwa wananicheka. Swali moja. Yangu risasi zikiisha slaidi haibaki wazi. Inarudi mbele kama kawaida, mimi navuta triga kwenye chemba tupu. Magazini nimebadilisha, hali ileile. Fundi akipiga yeye inabaki wazi. Nini hicho?

---

DadaShabaha

Dole gumba lako. Umefundishwa kushika kwa mikono miwili, dole gumba zote zikielekea mbele, sivyo? Angalia lile la juu linalala wapi. Karibu na uhakika limekaa juu ya kitasa kinachozuia slaidi, linakikandamiza chini, magazini inashindwa kukisukuma juu. Lishushe kidogo au lilaze juu ya dole la mkono mwingine. Kasoro hii ni ya kawaida sana kwenye modeli ambazo kitasa hicho ni kirefu na kimekaa nyuma.

Kinyume chake pia kipo, mtu anakisukuma juu kwa bahati mbaya na slaidi inajifunga wazi wakati risasi bado zimo.

---

Njiwa_Mkaidi

Nimeishika tu hapa ikiwa tupu nikaangalia. Ndicho hicho. Dole limelala juu yake kabisa.

---

Nyundo_Mbili

Nitaje ya kwangu kwa jina kwa sababu naisifu. CZ 75. Wakuu, kwa kukaa mkononi sijaona. Ilitoka Chekoslovakia mwaka 1975, na upekee wake ni kwamba slaidi inatembea ndani ya fremu, siyo juu yake. Slaidi inakaa chini, karibu na mkono, teke linakuja nyuma badala ya kuruka juu, na saiti (alama za kulengea) inarudi kwenye shabaha yenyewe. Uzito wa chuma nao unasaidia. Mtu aliyezoea plastiki akiipiga anatabasamu.

Gharama yake? Kwa kuwa slaidi imezama ndani ya fremu, sehemu ya kushika wakati wa kukoki ni nyembamba. Mikono ikiwa na jasho inateleza. Na modeli ya asili haina kishusha nyundo: ukitaka kuiweka nyundo chini na risasi iko chemba, unaishusha kwa dole gumba huku umevuta triga. Mimi sifanyi hivyo na simshauri mtu. Ama naibeba imekokiwa na sefti (kitufe cha usalama) imefungwa, ama chemba tupu.

---

Kasiba (mleta uzi)

Hapo kwenye triga ndipo nilitaka tufike. Kuna watu wanapiga vizuri sana risasi ya pili mpaka ya mwisho, ya kwanza inakwenda mbali. Wana bastola za nyundo ambazo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, unaofuata mfupi na mwepesi. Beretta 92 ni hivyo, CZ ukiishusha nyundo ni hivyo. Mikono midogo inateseka zaidi maana triga iko mbali mvuto ule wa kwanza.

Ndiyo sababu mimi nilihamia zisizo na nyundo. Kila mvuto ni sawasawa na uliotangulia. Ubongo unajifunza kitu kimoja.

---

Nyundo_Mbili

Na ndiyo sababu mimi siwezi kuhamia. CZ yangu siishushi nyundo, lakini kwa zile zenye kishusha nyundo mvuto mrefu wa kwanza ni ulinzi. Unakupa muda wa kubadilisha mawazo, na ukiirudisha kwenye ala unaweka dole gumba juu ya nyundo, ukihisi inainuka unajua kuna kitu kimeingia kwenye triga. Kwako kamba ya koti ikiingia kwenye triga unajua kwa mlio.

---

Kasiba (mleta uzi)

Ala nzuri ngumu inayofunika triga yote, na macho yanatazama ala wakati wa kurudisha. Sina haraka ya kurudisha bastola alani, hakuna anayenipa tuzo. Lakini hoja yako ya dole juu ya nyundo naikubali, ni nzuri.

---

MzeeWaGrisi

Vijana mnabishana vizuri. Ila kwa hizo zisizo na nyundo kuna jambo kwenye kufungua. Glock na baadhi ya nyingine, ili utoe slaidi lazima uvute triga kwanza. Maana yake usalama wote unategemea kwamba ulitoa magazini KWANZA, ukakoki, ukatazama chemba kwa macho na kuingiza kidole. Ukianza na kukoki kisha ndiyo utoe magazini, umeingiza risasi nyingine chemba na wewe unaamini ni tupu. Hapo ndipo meza na televisheni zinapotoboka.

Na kuhusu kuanguka: usiseme "ya kisasa haifyatuki ikianguka" bila kujua ya kwako ina nini ndani. Mwaka 2017 SIG Sauer walitangaza mpango wa hiari wa kuboresha P320 zilizokuwa mikononi mwa raia baada ya kuonekana kwamba ikianguka kwa pembe fulani inaweza kupiga. Ni mwaka uleule jeshi la Marekani lilipoichagua familia hiyohiyo kuchukua nafasi ya M9. Ukinunua iliyotumika, ulizia kama ilipelekwa kuboreshwa.

---

Chuma_cha_Babu

Mnazungumzia za kisasa, sisi wenye za kurithi je? Ninayo Tokarev. TT-33, risasi 8, milimita 7.62 kwa 25 (unene wa kichwa kwa urefu wa ganda). Kwa kutokukwama siidai kitu. Kile kisanduku cha nyundo kinatoka kizima, unakisafisha, unakirudisha, hupotezi hata kipande kimoja.

Ila haina sefti ya mkono, haina kizuizi cha pini, ina ile hatua ya nusu nyundo tu, nyundo ikiinuliwa nusu inajishika. Kwa hiyo haibebwi na risasi chemba, kwisha habari. Mpini umesimama wima mno, ukiinua bastola kwa kuitegemea hisia, mtutu unatazama chini. Saiti ni vidoti vya enzi zile, macho yangu yanazitafuta.

Kingine ni risasi zake za akiba za zamani. Fataki zake zinaacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi inavuta unyevu, na mafuta hayayeyushi chumvi. Unapaka mafuta mazuri unalala, wiki ijayo mtutu una kutu. Maji ya moto yenye sabuni kwanza, kausha vizuri, NDIPO mafuta. Watu wananishangaa nikipeleka bastola kwenye sinki.

---

Njiwa_Mkaidi

Babu kwenye sinki 😂

Makarov nayo si ni ndugu yake? Kuna anayetaka kuniachia.

---

Chuma_cha_Babu

Hapana. Makarov ni mfumo mwingine kabisa. Mtutu wake haunyanyuki, umekaa imara kwenye fremu, na springi imeuzunguka. Slaidi inazuiwa na uzito wake na springi tu. Faida yake ni vipande vichache na ulengaji mzuri kwa umbo lake. Hasara yake springi ni ngumu kukoki, na kwa risasi ya nguvu ile teke lake linakatisha tamaa kuliko unavyotarajia. Fuata ile mbinu ya dada, inua nyundo kwanza. Kitufe cha magazini kiko chini ya mpini, kubadilisha ni polepole.

Na usichanganye risasi. Yake ni milimita 9 kwa 18, siyo 9 kwa 19, hata unene wa kichwa unatofautiana. Usimsikilize anayekwambia "zote ni tisa."

---

Bwana_Kipimo

Nimesoma kimyakimya, nichangie kwenye risasi zenyewe.

Bastola mpya ina springi kali. Ukiilisha risasi nyepesi za mazoezi, zile za greni 115 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zenye baruti ya kibahili, slaidi inaweza isirudi yote. Mtu anahitimisha bastola mbovu. Jaribu greni 124 za kiwango kamili kabla ya kuhukumu, na uipe nafasi ya kuzoea. Baada ya boksi kadhaa springi inalainika na vyuma vinajuana. Ikiwa bado inakwama baada ya hapo, una haki ya kulalamika.

Kingine ambacho sioni kikisemwa. Watu wengi kila jioni wanatoa risasi chemba, kila asubuhi wanairudisha ileile. Kila inapoingia chemba pua yake inagonga njia ya kupandia, na kichwa kinasukumwa kidogo kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda unapopiga. Chukua hiyo risasi yako ya kila siku, isimamishe mezani pembeni ya mpya ya boksi hilohilo, tazama urefu kwa usawa wa macho. Mimi nilipofanya hivyo na rafiki, yake ilikuwa fupi waziwazi, kingo ya ganda imepanda juu ya kichwa. Hiyo haipigwi. Wekeni kando, zungusheni risasi, isiwe moja inayogongwa kila siku.

Ukisikia mlio dhaifu, "puf" badala ya "pa", ACHA. Hata kama slaidi imejifunga vizuri na kila kitu kinaonekana sawa. Kichwa kinaweza kuwa kimebaki katikati ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua. Ondoa magazini, toa kilichomo chemba, fungua, pitisha fimbo kwenye mtutu mpaka uone mwanga. Na ikilia "tik" bila kupiga, usiikoki mara moja. Iache ikitazama shabaha walau nusu dakika, wakati mwingine fataki inachelewa.

---

MzeeWaGrisi

Bwana Kipimo, hiyo ya nusu dakika ni ya uwanjani. Aliye na bastola kwa ajili ya kulinda uhai wake, siku ya siku atapiga kitako cha magazini, atakoki, ataendelea. Mazoezi ya aina mbili, yasichanganywe.

---

Bwana_Kipimo

Sahihi mzee. Na ndiyo maana kwenye mazoezi huwa naomba mtu anichanganyie risasi bandia za plastiki kwenye magazini bila mimi kujua ziko wapi. Ikifika bandia, mtutu ukizama chini kabla ya "tik" umeshajijua, unaogopa teke. Hakuna bastola inayotibu hilo.

---

Njiwa_Mkaidi

Swali langu la mwisho nawaachia. Magazini ikikaa imejaa miezi na miezi, springi yake haifi? Kila mtu ana jibu lake. Kuna anayeniambia nipunguze risasi mbili, kuna anayesema nizibadilishe kila mwezi.

---

Kasiba (mleta uzi)

Springi nzuri inachoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara nyingi kuliko kukaa imebanwa. Kwa hiyo anayejaza na kumwaga kila mwezi "kuipumzisha" anaichosha yeye. Kupunguza risasi moja kuna faida nyingine: magazini iliyojaa pomoni ni ngumu kuingia slaidi ikiwa mbele, unadhani imeshika kumbe bado, ukiinua bastola inadondoka. Hiyo naifanya mimi kwa zile ngumu.

Dalili za springi kuchoka utaziona: slaidi inaanza kutobaki wazi risasi zikiisha (baada ya kuhakikisha siyo dole), au risasi ya mwisho inainamisha pua. Ukiziona, nunua springi, haina gharama ya maana. Ile ya kurudisha slaidi nayo ina umri wake, watengenezaji wengi wanaiweka kwenye maelfu machache ya risasi, tazama kitabu cha modeli yako. Na ukibadilisha ya magazini, usisahau kuiweka kwa mwelekeo uleule iliyotoka nao. Piga picha kabla ya kuichomoa.